Kiingereza Nilichokibeba Hadi Wundanyi

Niliondoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kwa sababu ya ndovu. Walikuwa wamemaliza shamba la jirani yangu Mama Mghoi, na mahindi yetu sisi wengine yalikuwa yamebeba. Kamati ya kijiji ikaamua mtu aende Wundanyi, kwenye ofisi za wilaya, kuomba askari wa wanyama kabla ya mavuno. Mama Mghoi alijitolea, wakamkataa kwa kuwa hana Kiingereza. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kamati iliamini kwamba serikali husikia kwa Kiingereza tu. Mwalimu wetu, ambaye ndiye pekee aliyekijua, alikuwa na mitihani. Ndipo mtu akakumbuka kwamba nilipokuwa msichana, kwa masista kule Bura, niliimba misa nzima kwa Kilatini bila kuelewa neno. Basi, wakasema, huyu atabeba na Kiingereza.

Mwalimu aliandika ukurasa mzima, nami nikaukariri siku nne huku nikipalilia. Alinieleza kwa jumla tu: mwanzo ni heshima, katikati ndovu, mwisho shukrani.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la duka kwenda Voi. Nilifunga mdomo njia nzima nisije nikamwaga hotuba, mpaka dereva akaniuliza kama nimegombana na mume wangu.

Voi nililala kwa dada yangu, kwenye nyumba za reli. Shemeji, fundi wa treni aliyezunguka kote, alinicheka sana. Alisema Moshi, hapo tu ng'ambo ya Taveta, ningeongea Kiswahili ofisini na kujibiwa kwa Kiswahili. Kampala wangekiita lugha ya askari. Nikamuuliza, na hapa kwetu? Akasema hapa Kiswahili ni cha watu na Kiingereza ni cha karatasi. Nilikasirika kidogo, maana karatasi yenyewe nilikuwa nimeimeza.

Jumanne, saa nne asubuhi, nilifika Wundanyi. Karani wa ofisi aliniuliza shida yangu kwa Kiswahili, nikamtikisia kichwa kwa maringo. Nilipoingizwa kwa afisa, bwana mrefu mwenye miwani, nilikunja mikono kama kwenye kwaya nikaitoa hotuba yote bila kukosea. Lo, nilijisikia!

Kisha afisa akanijibu, kwa Kiingereza, tena kirefu.

Jamani, hilo hatukulifikiria. Kamati nzima, pamoja na mwalimu, hakuna aliyewaza kwamba Kiingereza kikienda kitajibiwa. Kwenye misa padri akimaliza unaitikia amina, lakini huyu alinitazama kalamu mkononi, akingoja. Nikafanya tunavyofanya kwaya ikipotea: nikaanza tena toka mwanzo. Nilipofika katikati akainua mkono. Niliona mahindi ya kijiji kizima yakiliwa kwa sababu yangu.

"Bwana," nikasema kwa Kiswahili, "Kiingereza changu kimeisha. Ndovu bado."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba hotuba imemsifu vizuri sana, lakini haikusema ndovu ni wangapi, wanapita wapi, wala saa ngapi. Hayo ndiyo aliyokuwa akiuliza. Na hayo niliyajua bila kukariri, maana Mama Mghoi alikuwa amenihesabia: saba na watoto wawili, wanateremka kwa korongo jua likielekea kuzama, na yule wa mbele ana pembe moja. Afisa aliandika kila neno, kwa Kiingereza bila shaka, akapiga mhuri.

Jumatano nilirudi nyumbani. Jumamosi askari walifika, wakaenda moja kwa moja kwenye korongo, na ndovu wakageuzwa kabla ya kufikia mahindi. Kamati ikampongeza mwalimu kwa hotuba yake. Ningeweza kunyamaza, lakini nilisimama nikasimulia yote, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

Mama Mghoi hakucheka. Aliuliza polepole, "Kwa hiyo mngeweza kunituma mimi na Kiswahili changu, tena mapema, shamba langu likiwa bado lipo?"

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo.