Kicheko cha Odell

Vernelle Stroud alikuwa mpaka rangi katika studio ya katuni, Burbank. Kutwa nzima ameinama, glavu za pamba mikononi, anapaka kijivu matumbo ya familia ya viboko iliyokuwa ikiichekesha Amerika kila Ijumaa jioni. Watoto walimcheka baba kiboko akikwama mlangoni; wakubwa wakamcheka mamamkwe akimsimanga.

Ijumaa moja, miaka minne tangu amzike mumewe, Odell, alikaa mbele ya televisheni, sahani ya maharage mapajani. Kiboko akakwama. Umati usioonekana ukacheka ndani ya televisheni. Katikati ya umati huo, Odell akacheka.

Ni yeye hasa! Kwanza alivuta pumzi kama mtu anayezama, ndipo akaachia kicheko. Vernelle akaisogelea televisheni. Kisha akamsikia mwanamke ubavuni mwa Odell, anacheka kwa raha zake, bila haya. Wivu wa kumwonea marehemu, jamani, hauna dawa, utamgombeza nani?

Jumatatu hakuvaa hata glavu. Alikwenda moja kwa moja kwa Lowell Haskett, mwenye sanduku la vicheko. Vilirekodiwa zamani kumbini, watu wakitazama michezo ya kuigiza. Sasa Haskett akibonyeza tu kitufe, kiboko anachekwa. Sanduku lenyewe hakuna aliyeruhusiwa kulichungulia.

"Bi Stroud, huku haingii mtu."

"Leo ataingia! Nipigie kile cha kiboko kukwama. Nataka kumjua huyo hawara aliyekaa na mume wangu."

Haskett alimtazama usoni, akaacha ubishi. "Hicho ni cha mwaka hamsini na mbili. Lakini hawa ni mtu na mkewe, dada."

"Umejuaje?"

"Mwisho wake huwa naukata. Sikiliza."

Akabonyeza. Odell akavuta pumzi, akaangua kicheko. Mwanamke akamfuata mpaka akaishiwa na pumzi, kisha akanong'ona: "Koma, Odell! Nitajikojolea hapa nikuaibishe."

 Maneno yalikuwa ya Vernelle mwenyewe. Hata gauni alilovaa siku ile walipokwenda ukumbini pamoja alilikumbuka. Sauti tu ndiyo hakuitambua, na hilo lilimtisha kuliko maiti kucheka.

"Rudia," akasema.

Haskett alirudia mara sita. Mara ya saba Vernelle alijaribu kucheka nao, kikatoka kikohozi. Haskett akageuza uso.

Ijumaa alikaa tena mbele ya televisheni. Kiboko akakwama, na wale wawili wakacheka bila yeye.