Chupa ya Pasaka Kutoka Mikumi

Sijawahi kuamini kitu rahisi, na miaka ile ya foleni ilinizidishia ugonjwa huo. Sabuni ikifika dukani bila watu kusukumana, nilijiuliza ina kasoro gani. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kilosa mjini, na walimu wenzangu walisema ningeweza kuishuku hata mvua. Walikuwa wakinitania, lakini si sana.

Basi mtu kama mimi ndiye aliyelazimika kutafuta divai nyekundu, nzuri, kwa bei anayoiweza mwalimu. Haikuwa ya kunywa mimi. Kwetu milimani, watu wa misheni, pombe haikutajwa mezani, na sikuwa nimeonja tone nje ya kikombe cha kanisani. Divai ilikuwa kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa ametengwa na kanisa. Baba alipofariki, shamba lilimshinda, akaita ujima, majirani waje wamlimie. Kila mtu kwetu anajua kwamba ujima haulimi kwa maji ya kunywa. Mwenye shamba hupika pombe, watu hulima, wakimaliza hunywa. Mama akapika. Waliolima walikuwa waumini wenzake, walioinywa ni hao hao, ila aliyeshtakiwa kwa wazee wa kanisa ni mpishi. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma, na ushirika mtakatifu ukianza alitoka nje pamoja na watoto wadogo, mtu mzima yule, akasimama karibu na ukuta mpaka wenzake wamalize. Iliniuma kila Jumapili niliyokuwa nyumbani.

Hatimaye kasisi aliyekuwa akituzungukia, ambaye tulimwona mara chache kwa mwaka, alikubali kumrudisha mezani siku ya Pasaka. Kwaresima haijafika katikati, mama alikuwa ameshafua na kupiga pasi kitambaa chake cheupe cha kichwani. Ndipo katekista, mzee aliyetunza vyombo vya kanisa, akaniita. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka ya mtu mwenye shida.

"Mwalimu, divai imekwisha," alisema. "Tumeagiza, tunaambiwa haipo. Na bila divai hakuna ushirika."

"Si tungoje ziara nyingine ya kasisi?"

"Huyu anahamishwa baada ya Pasaka. Ajaye hatujui ana moyo gani. Pengine atataka kesi ya mama yako ianze upya."

Nilirudi Kilosa nikiwa na kazi hiyo kichwani. Duka la ushirika lilikuwa na dawa ya viatu na majembe yasiyo na mipini. Nikaenda stesheni, kwa sababu treni ya kutoka Dodoma ilipita pale, na Dodoma ndiko kwenye zabibu. Mpishi mmoja wa behewa la chakula alikuwa anatembea kando ya mabehewa na kikapu, akinong'oneza kila aliyeonekana ana mshahara. Alinionyesha chupa ya bia iliyojaa kitu chekundu, imezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Ya Dodoma hii, dada. Ndugu yangu anafanya kazi kwenye zabibu."

Akataja bei. Ilikuwa ndogo mno. Nikanusa karibu na gunzi, ikanipanda puani harufu kali, ya uchachu, nikarudi nyuma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa anatembeza tangu behewa la kwanza hadi la mwisho. Kwa nini isiwe na kizibo cha maana? Kwa nini auze bei hiyo, watu wenyewe wanauziana hata chumvi kwa kificho? Nikamwambia ampelekee mjinga mwingine. Hakukasirika, alisogea kwa abiria aliyefuata.

Jumamosi nilidandia lori lililokuwa likienda Kidodi kubeba miwa, nikashuka Mikumi. Nilikuwa nimesikia kwamba hoteli ya watalii ina vinywaji vya Ulaya, na kwamba mhudumu mmoja pale, ukimbembeleza, hukuuzia. Nikambembeleza. Alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, akaniuliza nimetumwa na nani. Moyo wangu ukatulia. Mwenye kitu kizuri hana haja ya kukitembeza, nikajisemea, tena anaogopa.

Mwishowe alitoa chupa nene ya kijani, yenye picha ya ngome kwenye karatasi yake na nta nyekundu shingoni. Niliigeuza juani, nikaitikisa, nikasoma maneno nisiyoyajua. Nikashusha bei, akashuka. Nikashusha tena, akanung'unika, akashuka. Nilipoomba tuifungue kidogo aliniangalia kama nimetukana.

"Divai ya kanisa unaifungulia barabarani, mwalimu?"

Nikaona haya. Niliifunga kwa gazeti, nikaitia ndani ya kapu, juu yake nikaweka matembele. Njiani mgambo walisimamisha gari kutafuta walanguzi, mmoja akashika kapu langu, akaona mboga, akaliacha. Nilimshuku hata yeye kwa kuniachia upesi hivyo. Ila ile chupa sikuishuku tena, na nilijisifu moyoni kwa kuipata kwa bei ile.

Nyumbani niliiweka mbele ya mama. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, shingoni pakavuja kidogo. Mama aliinamisha chupa, akaangalia povu linavyopanda, akapeleka pua pale penye unyevu. Alipagusa kwa kidole, akakileta mdomoni, kisha akakishusha na kukifuta kwenye kanga.

"Umeipata kwa nani?"

"Hotelini, Mikumi. Ni ya Ulaya."

"Imefungwa vizuri," alisema, akaenda kupuliza moto. Nilidhani anaogopa siku yenyewe. Katekista alipokuja kuichukua alisifu ile picha ya ngome, akaifungia kabatini.

Siku ya Pasaka mama alipiga magoti mbele kabisa. Kasisi alikunywa kwanza, kama ilivyo desturi, na nilimwona akisita huku kikombe kiko mdomoni. Akamtazama katekista, naye katekista akanitazama mimi. Kisha kasisi alimtazama mama, aliyekuwa amefumba macho chini ya kitambaa chake cheupe, akameza, akasogea na kumpa. Kama alijua alichokunywa, au alikuwa tu na kikohozi, sikupata kujua.

Tulipokuwa tunarudi, wanawake walitupita wakiimba, wakamshika mama mkono mmoja mmoja. Nilingoja wapungue.

"Mama, divai ilikuwaje?"

"Maji ya choya, yale maua mekundu," alisema. "Yamechemshwa yakatiwa sukari. Hayakuchachuka hata kidogo."

Nilisimama. Nikamlaani yule mhudumu kwa maneno yasiyofaa siku ile, kisha, kwa kutafuta faraja, nikamsimulia jinsi nilivyoponea chupuchupu kwa yule mpishi wa treni, na gunzi lake, na ile harufu kali. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kinywaji kilicho hai huzibwa kwa gunzi ili kipumue," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa divai, mwanangu."

"Na hii ya Mikumi ulishaijua tangu jikoni."

"Tangu ulipoiweka chini."

"Sasa mbona hukusema, mama? Tungetafuta nyingine. Siku zilikuwepo."

Alikuwa anakifungua kile kitambaa cheupe, akakikunja polepole, akakitia kifuani.

"Ningesema," alinijibu, "wangeniuliza nimejuaje."