Fundi Mkuu wa Kiwanda cha Hamugembe

Kagaruki alikuwa na wivu, na heri lisemwe mapema, maana siku ya kumzika walimpamba kwa sifa kanisani hadi majirani wakatazamana. Fundi hodari alikuwa, baba mwema alikuwa, kwenye kwaya ya Walutheri sauti yake nzito ilitegemewa. Lakini wivu jamani! Ukinunua kofia mpya wewe, anayekosa usingizi ni yeye.

Enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla, Mhindi mmoja aitwaye Burhani alikuwa na karakana ya mizani pale Hamugembe. Mizani ya kahawa ikigoma, iwe ya Bukoba mjini au ya Nshamba huko Muleba, ililetwa kwake, na aliyeiponya ni Kagaruki. Alianza kazi hapo ndevu hazijaota. Watu walimwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote wa Buhaya ni wapagazi. Hilo lilimkaa vizuri sana.

Ndipo akaja Philbert. Alikuwa ametoka jeshini, alikojifunza kutengeneza redio, na mjini hakuwa na ndugu. Kagaruki mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwa Burhani na kumpa chumba cha uani. Wakapendana hata wakanywana, yaani wakala kiapo cha udugu, kwa mila ya wazee, wakijificha mchungaji asijue: waliipasua buni moja ya kahawa, kila mmoja akapaka nusu yake damu ya chale aliyochanjwa tumboni, wakabadilishana, wakameza. Anayemgeuka mwenzake baada ya hapo huvimba tumbo mpaka afe. Hivyo ndivyo inavyosemwa, na Kagaruki alisema haamini.

Kila msimu wakulima na wanunuzi waligombana. Mkulima anaapa kahawa yake imekauka, mnunuzi anaitikisa sikioni, anaing'ata, anasema mbichi. Philbert akaunda sanduku lenye betri, nyaya na sindano. Unaweka kahawa katika kikombe cha chuma, unaikandamiza, umeme unapita, sindano inasema ina maji kiasi gani. Burhani alipoliona karibu acheze. Akatangaza kwamba karakana sasa itakuwa kiwanda cha vipimo vya umeme, masanduku yatauzwa hadi Uganda, vijana wataajiriwa, na lazima awepo fundi mkuu.

Fundi mkuu! Neno hilo lilimwingia Kagaruki likakataa kutoka. Nani mwingine kama si yeye? Lakini watu walikuja kutoka Buhembe kuitazama sindano, wakampita pale mlangoni kama hayupo. Nyumbani mkewe Kokubanza akasema yule kijana ana mikono ya ufundi. Kagaruki akasukuma sahani ya ndizi, akasema ameshiba. Mkewe alicheka, maana alimjua mumewe.

Na Philbert, maskini, hakuwa na habari. Alimwita kaka, akamfunulia kila kitu ndani ya sanduku. Alimwambia umeme hupenda maji, na maji yakiwa na chumvi ndiyo huupitisha mbio kabisa, kwa hiyo kikombe kifutwe vizuri asije mtu akakishika na jasho. Kagaruki alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Maonyesho ya sanduku yalifanyika Nshamba, mbele ya wakulima na wanunuzi. Kahawa ilitoka kwa mzee Rugaibula, kavu hata inagonga ndani ya ganda. Kazi ya kuichota na kuileta kwenye kikombe alipewa Kagaruki. Mfukoni mwa koti alikuwa na kahawa ya kutafuna ya Kokubanza, ile anayokaribishiwa mgeni. Kokubanza huichemsha na majani ya kunukia, na kwa utundu wake mwenyewe huitia chumvi, kisha huianika. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine. Kagaruki aliichanganya kiganjani na ile ya mzee, akatia.

Sindano iliruka mpaka mwisho. Wakajaribu tena, Kagaruki akachota tena, ikaruka tena. Mzee Rugaibula akauliza kwa upole kama mvua imenyesha ndani ya sanduku, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Philbert alifungua sanduku mbele ya watu, akapekua nyaya moja moja. Wanunuzi wakaondoka hata kabla hajalifunga.

Kwenye lori wakati wa kurudi Kagaruki alikuwa na furaha ambayo hawezi kumwonyesha mtu, na mara kwa mara alijipapasa tumbo. Lilikuwa vilevile. Philbert aliyekaa mbele yake alisema, "Nimekuangusha, kaka. Wewe ndiye uliyeniombea kazi." Wiki haikuisha akapanda meli na sanduku lake, akaenda Kampala.

Kagaruki akavaa shati la Jumapili, akaenda kwa Burhani kuulizia ukuu. Mhindi alikuwa anafunga kreti za vioo na nyaya azirudishe alikoziagiza. Hakuinua kichwa.

"Ukuu ulikuwa wako hata kabla ya Nshamba," alisema. "Nilitaka kumpa Philbert, akakataa. Alisema hawezi kukaa juu ya ndugu yake, yeye apewe meza tu. Sasa kiwanda hakuna. Utakuwa mkuu wa nani, Fundi?"

Kagaruki alirudi kwenye mizani yake. Alitengeneza mizani miaka mingi, peke yake katika karakana ile, na tumbo halikuvimba hata siku moja. Kisha mfanyabiashara mmoja, Karugendo, akarudi kutoka Kampala na habari kwamba Philbert ana karakana yake, anaunda vipimo, na vijana wamejaa mezani.

Kagaruki hakuuliza kama ndugu yake ni mzima. Aliuliza fundi mkuu wao ni nani.