Bia Moja, Wasichana Wanne

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja ilikuwa kama nyingine. Chai ilimwagika kidogo mezani, mke akaifuta kwa kiganja. Mumewe, fundi viatu, alikuwa mlangoni akishona soli. Kesho yake mke hakuamka. Lakini siku hiyo alikuwa buheri wa afya, na ulimi wake vilevile.

Watu walimwita Mama Glasi. Miaka thelathini na moja aliosha glasi katika baa, na hakuonja hata tone. "Mimi walevi nawaonja kwa macho," alisema.

Simu ya mumewe ikalia. Aliyepiga alikuwa mtoto wao wa kiume. Alikuwa ametuma picha nne alizozikuta mtandaoni. Binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi, midomo myekundu, ameinua glasi ya bia. Wenzake watatu, kila mmoja na picha yake, na glasi yake, na chupa mbele yake.

"Mama, mwone mjukuu wako! Kesho namfuata. Chuo basi. Sisomeshi mlevi."

"Ana haki," fundi akasema. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Mzee, nyamaza. Lete miwani."

Mama Glasi aliziangalia sana. Akataka zikuzwe. Fundi akavuta kwa vidole viwili, picha ikakimbia, akairudisha, ikakimbia tena.

"Unafukuza panya? Nipe!"

Alipozipata, akazama ndani ya picha kama mtu asomaye barua. Mnywaji wa bia, kila anapopiga funda, povu huacha pete ndani ya glasi. Hapa hapakuwa na pete. Povu lenyewe lilikuwa limekufa, maana yake bia imekaa. Midomo ile yote myekundu, na ukingo wa glasi safi. Tena chupa zote nne karatasi zao zimechanika pembe ileile.

"Hii chupa ni moja," akasema. Akampigia mjukuu.

"Mke mwenzangu, hiyo bia ilikuwa ya nani?"

"Bia gani, bibi?"

"Usinichezee. Mlikuwa wanne, chupa moja."

Mjukuu akaangua kicheko. "Nani kakwambia?"

"Glasi."

Binti akasema yote. Walinunua moja, wakapokezana kwa picha. Mwisho wakaimwaga.

"Mkaimwaga!"

"Chungu, bibi. Nilichovya ulimi tu."

"Sasa picha za nini?"

"Ukiweka ya soda wanakuita mtawa. Hii ya bia wameipenda watu mia mbili."

"Hao mia mbili, wenyewe wanakunywa?"

Binti akafikiri. "Sijui, bibi. Labda nao wanamwaga."

Mama Glasi alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akauliza mengine: nani hushika simu, nani huanza, na asiyetaka hufanywaje. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua. Chai ikapoa.

"Baba atakuja?" binti akauliza, sauti imeshuka.

"Baba yako niachie."

Kweli alimpigia. Mwanawe alibisha, akaulizwa ameosha glasi ngapi maishani, akanywea. Hakumfuata. Binti yuko chuoni mpaka leo, amebakiza mwaka.

Lakini kabla hajakata simu ile ya mjukuu, Mama Glasi aliisogeza mdomoni. Fundi aliacha sindano ndani ya soli, akasikia. Mkewe alimwambia mjukuu hivi:

"Siku utakayoinywa kweli, usiipige picha. Niambie mimi."