Tairi Pana la Mbele

Asubuhi ile tulikuwa wanne. Mimi; mume wangu; mkamwana wangu, mke wa kitinda mimba wetu; na fundi baiskeli wa Bulyaga, ambaye mama yake alipata kipaimara pamoja nami. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka ya ukoo, ila siyaandiki.

Mume wangu alikuwa anapeleka ndizi sokoni Tukuyu kwa baiskeli, kutoka kwetu Kisiba. Mvua zikikolea bodaboda hawashuki ule mteremko wa mtoni. Naye matairi yake membamba yalikuwa yanakata tope kama kisu, mzigo unazama. Basi fundi akaja kumfungia mapana, mbele na nyuma. Ili yaingie, akang'oa madigadi, yale mabati ya kukinga tope.

"Haya hayazami, mzee. Utapita juu ya tope kama bata."

Mkamwana alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamtazami, hasemi naye. Akanivuta khanga.

"Mama, la nyuma sawa, huko ndiko kwenye mzigo. Lakini mbele hata kidole hakipiti kati ya tairi na uma unaolishika. Tope likijaa pale gurudumu litaganda. Kaka yangu alipinduka hivyo hivyo. Mwambie baba, mbele arudishe lile la zamani."

Nikamwambia. Alikuwa amesikia kila neno, ukuta wenyewe wa mianzi.

"Mwambie huyo," akajibu akiutazama ukuta, "mimi naendesha baiskeli tangu baba yake hajui kufunga mkanda!"

Fundi akacheka. Mkamwana hakucheka.

Fundi akaenda zake, nasi tukaondoka. Mume wangu mbele na mikungu mitatu kwenye keria, mimi nyuma yake, mkamwana nyuma kabisa, kajitanda khanga, mkungu kichwani. Kwenye tambarare alipita vizuri kweli, hata akaanza kuimba. Tulipofika juu ya mteremko nikasema, "Shuka usukume." Hakushuka, akateremka nayo.

Tope la kule linanata kama ugali mbichi. Nikaliona linapanda na tairi, linaingia kwenye uma, linajaa. Baiskeli ikaanza kutetemeka. Akabana breki, mzigo ukamsukuma. Chini kule mbao za daraja zimeloa, hazina kingo.

Nyuma yangu kitu kikaanguka puu! Mkungu. Mkamwana akanipita mbio, khanga imebaki njiani, akaikamata keria kwa mikono miwili, akakita visigino.

"Baba! Laza kushoto! Laza!"

Akalaza. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha ganda. Wakaanguka wote kwenye majani, ndizi zikabingirika mtoni.

Mkamwana akakumbuka alichofanya, akageuka, akafunika uso kwa viganja. Mume wangu akakaa kwenye tope akijipapasa magoti, anatazama maji yanavyobeba ndizi zake.

"Mwambie," akaniambia, "mwambie atafute kijiti atoe tope. Na fundi apigiwe simu arudi na lile tairi la zamani."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Lakini mkamwana anashikilia kwamba mzee hakunituma mimi, alimgeukia yeye mwenyewe akasema, "Mwanangu, tafuta kijiti." Mume wangu tukimwuliza, anauliza chakula kimeiva? Mimi masikio yalikuwa yanavuma kwa hofu. Kama kuna mtu alikuwa ng'ambo ya daraja akasikia vingine, anisahihishe, sitakasirika.