Kipimo cha Tangi la Kitangari

Kipimo nilichokifunga kwenye tangi la maji la Kitangari kilidanganya kwa siku mbili. Kioo chake kilionyesha tangi limejaa, kwa hiyo mwendesha pampu hakuiwasha. Tangi lilikuwa tupu. Wanawake walishuka bondeni na ndoo, wakapanda nazo kichwani.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alinipigia simu nikiwa nyumbani, Mkomaindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mwezi ujao tuna mkutano. Kama mtambo wako utakuwa bado unasema uongo, tunaung'oa."

Programu niliiandika kwa lugha ya C. Kosa nililipata: sehemu moja ya programu ilikuwa imeshaiachia nafasi iliyohifadhi kina cha maji kwenye kumbukumbu ya kifaa, na nyingine iliendelea kuisoma nafasi hiyo. Ilisoma mabaki. Ningeweza kuziba tundu hilo, lakini sikujua yamebaki mangapi. Nikaamua kuandika yote upya kwa Rust, lugha inayokagua makosa ya aina hiyo kabla programu haijaanza kazi.

Nadharia niliikariri: kila thamani, yaani kila taarifa ambayo programu inaishika, ina mmiliki mmoja, wengine huazima. Kwa vitendo, kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri nilichoandika, ilinikatalia wiki nzima. Nikawa nanakili kila thamani ili ninyamazishe malalamiko yake, mpaka programu ikavimba na kukataa kuingia kwenye kifaa.

Nilikwenda Kitangari kupima tangi upya. Pale kwenye bomba, watu hupanga ndoo na kwenda zao shambani. Ndoo ndiyo inayoshika foleni. Mama mmoja alirudi, akanyanyua ndoo ya tatu.

"Weka chini, hiyo yangu," mwenzake akamwambia.

"Ya tatu ni yangu. Nilihesabu."

"Yako kaichukua wifi yako tangu asubuhi. Wewe umehesabu nafasi, ndoo hukuitazama. Mfuniko wa bluu umeununua lini?"

Watu walicheka, naye akacheka. Mimi nilitoa daftari. Programu yangu ilikuwa imefanya hivyohivyo: ilikumbuka nafasi baada ya ndoo yenyewe kuondolewa. Kompaila ilikuwa inanizuia kuhesabu nafasi isiyo na mwenyewe.

Usiku huo nilifuta nakala zote. Kwa kila thamani niliandika daftarini nani anaimiliki, nani anaitazama tu, na mpaka lini. Makosa yalipungua siku hadi siku, mpaka yakaisha. Nikasafisha na kihisi chenyewe kinachopima kina ndani ya tangi, maana tope halikaguliwi na lugha yoyote.

Siku ya mkutano kioo kilionyesha nusu. Mwenyekiti hakukitazama mara ya pili. Aliokota jiwe, akaligonga tangi kutoka chini kwenda juu, akisikiliza. Katikati mlio ulibadilika.

"Kipimo kibaki," akasema. "Lakini kila Ijumaa nitakuja kugonga."

Nikamwambia agonge.