Aliyeitoa Baiskeli Barabarani

Baba yangu alikuwa mkorofi kwa jambo moja tu, nalo ni barabara. Kila asubuhi alipakia vibua pale soko la samaki la Feri, akafunga tenga nyuma ya baiskeli kwa mipira, akaja navyo Kariakoo kuwagawia mama lishe. Dereva akimpigia honi ya kumfukuza, hasogei. Husimama na kumwambia usoni kwamba sheria inaihesabu baiskeli kuwa chombo kama gari lake, na kwamba yeye anakwenda kushoto, kwa hiyo asubiri. Mimi nilikuwa naona aibu. Nina duka la mifuko na vifungashio mtaa huohuo, na wateja walikuwa wakiniuliza, "Yule mzee mbishi wa baiskeli, wa kwenu?" Siku moja nilisema simjui.

Siku ya ajali ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshawaka. Nilisikia kishindo, kisha ukelele wa watu. Nikatoka mbio. Kenta ya mizigo ilikuwa imesimama mshazari, imetaka kuupita mkokoteni ikambana baba. Baiskeli yake ilikuwa imelala kushoto kabisa, gurudumu la nyuma limegusa ukingo wa mtaro, vibua vimetapakaa. Baba alikuwa macho, kichwa kinavuja damu, nyonga imevunjika.

"Nilikuwa upande wangu," akaniambia.

Mdogo wangu, ninayeuza naye dukani, akampakia kwenye bajaji wakaenda hospitali. Mimi nikabaki nifunge duka niwafuate.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao sitajisamehe. Kwetu damu ya mtu haiachwi ikanyagwe. Nimelelewa hivyo, na mtaa mzima unafanya hivyo. Jirani yangu, mama wa Kiarabu anayeuza vitambaa, akaniletea ndoo ya maji hata sijamwomba. Mikokoteni ilikuwa imeshaanza kurundikana, watu wanapiga miluzi wapishwe. Nikainyanyua baiskeli, nikaivusha na kuiegemeza kwenye ukuta wa duka langu, upande wa kulia. Nikaokota vibua kimoja kimoja. Nikamwaga maji, nikasugua lami kwa fagio mpaka ikatakata. Watu wakanipa pole, wakanisifu kwa kujikaza. Dereva wa kenta alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lake, ananitazama nikifagia. Hakunizuia.

Askari wa usalama barabarani alifika na futi yake ya kupimia. Akauliza baiskeli iko wapi, nikamwonyesha. Dereva, bila hata kumeza mate, akasema mzee alikatiza ghafla akitokea kulia. Nilimwita mwongo, nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshapotea zake. Jirani yangu alisema kweli, kwamba alikuwa ndani, hakuona.

"Mama, mimi napima ninachokikuta," askari alisema, wala si kwa ubaya. "Hapa sina damu, sina samaki, sina hata alama. Baiskeli naikuta kulia. Kwa nini umeitoa?"

"Ilikuwa inaziba njia."

Akaandika.

Baba alilazwa, mguu umefungwa uzito, hawezi kujigeuza. Kila nikiingia wodini aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza polisi wameandika nini. Nikawa namzungusha. Mwishowe nikamsomea: mwendesha baiskeli alikatiza barabara bila kuchukua tahadhari. Baba yangu, aliyetukanwa na madereva wa mji huu miaka yote kwa sababu hataki kuacha upande wake, alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

Alipotulia akauliza, "Baiskeli ilitolewa kabla askari hajapima?"

"Ndiyo, baba."

"Nani kaitoa?"

Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha uji. Nilitaka kumwambia.

"Watu tu," nikasema.

"Watu wa Kariakoo hawana akili."

"Kweli, baba. Hawana akili."

Halafu akanishika mkono, akanituma. Nizunguke mtaani, niulize duka kwa duka, nimpate huyo mtu aliyeitoa baiskeli. Yeye ndiye anayejua ilikuwa imelala wapi. Nisimlaumu mtu, alisema, nimwombe tu aje polisi aseme alipoikuta, maana mtoto wa mtu hawezi kuaminiwa akimtolea ushahidi baba yake, lakini huyo ni mtu baki, watamsikiliza.

Nikamwahidi nitamtafuta. Kila asubuhi aliniuliza kama nimempata, na kila asubuhi nikamjibu bado, naendelea kuuliza, mpaka asubuhi niliyofika na uji nikakuta amefariki usiku, kitanda chake kimeshatandikwa.